Ulizo Lililokwama

Ukimpigia mtu aliye nje ya mtandao, sauti iliyorekodiwa hukuambia kwamba hapatikani kwa sasa, ujaribu tena baadaye. Ukikosea tarakimu moja, huambiwa kwamba namba uliyopiga haipo. Sijawahi kumwona Mtanzania akizichanganya kauli hizo mbili. Ya kwanza humfanya asubiri; ya pili humrudisha kwenye daftari kuangalia namba upya. Mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe hapatikani huendelea na shughuli zake, maana anajua kijana yuko njiani porini au simu imeisha chaji. Hafikiri hata kidogo kwamba hana mwana.

Sisi tunaoandika programu za wavuti tunazichanganya kauli hizo kila siku, na uchungu wake hautufikii. Unamfikia aliyesimama mbele ya skrini. Mimi mwenyewe nilizichanganya, huko Mishamo mkoani Katavi, na ndiyo sababu ya kuandika makala haya.

Nilikuwa nimetengeneza mfumo mdogo kwa ajili ya chama kimoja cha msingi cha wakulima. Kazi yake ilikuwa nyepesi: mkulima anataja jina au namba ya uanachama, karani anaingiza, skrini inaonyesha mkopo wa pembejeo aliouchukua na kilo za tumbaku alizokwisha kupimisha. Kanzidata ilikaa kwenye seva ya mbali. Ofisini palikuwa na kompyuta moja na modemu ya laini ya simu. Asubuhi moja ya mwezi wa pili, mvua ikinyesha, akaingia mama wa umri wa bibi yangu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa. Karani akaandika jina lake. Skrini ikajibu kwa herufi nyekundu: MWANACHAMA HAYUPO. Karani akarudia, ikajibu vilevile. Mama akanigeukia na kuuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mimi sipo?"

"Upo, mama," nilisema, kabla hata sijajua kilichotokea. Tukafungua daftari la karatasi. Jina lake lilikuwemo, kwa wino wa bluu, na kilo zake zote. Nilipochunguza nikakuta kwamba modemu ilikuwa imepoteza mtandao tangu mvua ilipoanza. Jina la mama huyo halikuwa limefika kwenye seva hata mara moja. Hakuna aliyemtafuta, na programu yangu ikatamka kwamba hayupo.

Mahali pengine swali lake lingepita kama maswali mengine. Mishamo swali hilo lina uzito. Makazi haya yalifunguliwa mwaka 1978 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, baada ya yale ya Ulyankulu na Katumba. Lilikuwa eneo la miombo la kilomita za mraba zipatazo 2,050, likagawanywa katika vijiji 16, na tangu mwanzo maisha ya mtu yalipita kwenye orodha: orodha ya kaya, orodha ya mashamba. Mwishoni mwa 2007 serikali ya Tanzania iliwafungulia wakimbizi wa 1972 njia ya kuomba uraia. Mwaka 2010 ikatangazwa kwamba maombi ya watu zaidi ya 162,000 yamekubaliwa, lakini vyeti vilianza kukabidhiwa Oktoba 2014. Kwa miaka ile minne mtu alikuwa amekubaliwa, ila hana karatasi ya kuonyesha. Hakukataliwa. Jibu lake lilikuwa njiani, halijafika. Watu waliopitia hayo wanaijua kwa mwili wao tofauti ya "hapana" na "bado", na mimi nilikuwa nimewaletea mashine isiyoijua.

Sasa istilahi. Kanzidata haina shida: kanzi ni hazina, neno tulilolipata kwa Kiarabu, na wanaopendelea "hifadhidata" wanaeleweka pia. Lenye shida ni jina la lile ombi ambalo programu huipelekea kanzidata ili iletewe taarifa. Mafundi wa mjini husema "kwiri", na wao kwa wao neno hilo linawatosha. Nimesikia "swali", ambalo ni pana mno, na nimesikia "hoji", ambalo masikioni mwangu linatafuta mtu wa kubanwa kwenye kiti. Mimi nashika "ulizo". Aliyewahi kuingia ofisi kubwa ya umma au stesheni ameliona dirisha lililoandikwa MAULIZO. Dirisha lile linaeleza kazi yote ya kanzidata kuliko mchoro wowote niliouona vitabuni. Unasimama nje, unataja unachotaka kwa utaratibu unaokubalika, aliye ndani anageuka kwenye makabati, anarudi na jibu. Huruhusiwi kuingia kupekua mwenyewe. Na ukikuta dirisha limefungwa, hujaambiwa kwamba faili lako halipo. Hujaambiwa neno.

Watanzania wengi walilifahamu ulizo bila kulijua jina kati ya Mei 1, 2019 na Januari 20, 2020, tulipopanga foleni kusajili laini kwa alama za vidole. Kila kidole kilichowekwa kwenye kifaa cha wakala kilikuwa ulizo moja, likisafiri pamoja na namba ya tarakimu 20 hadi kwenye kanzidata ya Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa: je, kidole hiki ni cha mwenye namba hii? Majibu yanayowezekana ni matatu. Ndiyo. Siyo. Na kutojibiwa kabisa. Hilo la tatu ndilo ninalolitafutia jina.

Kiswahili kina vifaa vya kutosha kulitenga na mengine, tena vimo kwenye sarufi yenyewe. "Hayupo" ni tamko kuhusu mtu. "Hajaonekana" ni tamko kuhusu utafutaji, na ile -ja- inaacha mlango wazi. "Hamna" imebeba jambo ninalolipenda sana: ile m ya katikati ni ya ndani, ni ndugu ya humu na humo. Kwa asili yake, anayesema hamna ameshachungulia ndani na hakukuta kitu. Mtaani tumeilegeza hadi imekuwa sawa na hapana, lakini asili ingalipo. Ulizo lenye jibu tupu ni hamna halisi: kanzidata ilifunguliwa, mistari ya jedwali ikapitiwa, haukuonekana hata mmoja unaofanana. Ulizo ambalo halikujibiwa halina haki ya kutamka hamna, kwa kuwa hakuna aliyechungulia.

Basi liitweje? "Limefeli" ni neno la mitihani. "Limegoma" linaipa mashine nia isiyokuwa nayo. Ujumbe wa simu unaosema muamala umeshindikana uliteuliwa kwa busara, maana kauli ya -ikana haimlaumu mtu. Ningetosheka nao, ila jambo lililoshindikana kama limekwisha vile. Mtu akiambiwa hivyo huondoka. Njia ya kutoka Mpanda kwenda Mishamo wakati wa mvua ndiyo iliyonipa neno. Gari linakwama. Abiria wamo, mizigo imo, safari haijafutwa, na kitenzi kina mwenzake wa kukigeuza: kukwamua. Kwa hiyo ninasema ulizo lililokwama. Ukiliita hivyo, maswali mawili yanafuata yenyewe, nayo ndiyo maswali ambayo fundi anapaswa kuyauliza: limekwama wapi, na nani wa kulikwamua?

Kuna mwenzangu aliyenipinga akisema kwamba mkwamo tuuhifadhi kwa hali nyingine inayojulikana sana na watu wa kanzidata, pale maulizo mawili yanapongojeana, kila moja likiwa limeshika kufuli ambalo lenzake linalihitaji. Hoja yake ni nzuri. Lakini hali hiyo ina watendaji wawili, na Kiswahili kina -ana ya kutendeana kwa kazi hiyo hasa: maulizo yamefungiana njia. Nadhani hilo linamtosha.

Neno moja naliogopa kwenye skrini, nalo ni KOSA. Kosa lina mwenyewe. Lina mashahidi na adhabu. Karani akiliona anadhani amekosea yeye, anarudia kuandika jina polepole, herufi moja moja, huku foleni ikirefuka. Hitilafu inafaa zaidi, kwani hata umeme una hitilafu na hakuna anayeshtakiwa.

Waliobuni SQL, lugha inayotumika kuandika maulizo haya, waliijali tofauti ninayoizungumza. Lugha hiyo ilianza IBM mwaka 1974 mikononi mwa Donald Chamberlin na Raymond Boyce, juu ya nadharia ya majedwali aliyoitoa Edgar Codd mwaka 1970. Kiwango chake kinataka kila ulizo lirudi na alama ya herufi au tarakimu tano, mbili za mwanzo zikitaja ukoo. Ukoo wa 00 ni salama. 01 ni onyo. 02 ni hamna. Baada ya hapo ndipo inakuja mikwamo: 08, muunganisho una hitilafu, 23, kanuni ya jedwali imevunjwa, 42, amri haieleweki au aliyeituma hana ruhusa. Tazama 02 ilipowekwa. Iko peke yake, nje ya ukoo wa hitilafu zote. Wavuti nao una namba zake, na zinafanana ajabu na zile sauti za simu: 404 ni haipo, 503 ni huduma haipatikani kwa sasa. Siku ile ya mvua ukurasa wangu ulikuwa ukirudi na 200, yaani kila kitu ni shwari.

Ilikuwaje, ikiwa kanzidata na wavuti wote wanajua kutofautisha? Tofauti hupotea kwetu, katika mistari michache iliyo kati yao. Natumia PHP, lugha aliyoitoa Rasmus Lerdorf mwaka 1995 na ambayo bado inaendesha tovuti nyingi za kwetu, pamoja na kanzidata ya MySQL. Kwa miaka mingi, ulizo likikwama PHP ilirudisha thamani ya "sivyo". Ulizo likijibiwa, hata kama jibu ni tupu, ilikupa kifurushi cha kufungua. Mpaka hapo vitu viwili vilikuwa bado mbalimbali. Vinachanganyika hatua moja mbele, kwa sababu PHP ikiulizwa tu "je, kuna kitu hapa?", huona sivyo, sifuri, orodha tupu na null (thamani isiyokuwepo) kuwa ni mamoja. Aliyeandika sharti lake kwa haraka amekwisha changanya asiyejibu na asiye na kitu.

Kizazi kilichonitangulia kilijikinga kwa mstari mmoja uliokuwa ukinakiliwa kutoka somo hadi somo: fanya ulizo, au ufe. Programu ilikufa kweli, na ilipokuwa ikifa ilimwaga kwenye skrini maneno yote ya MySQL, pamoja na majina ya majedwali. Mkulima hakuelewa kitu. Mwenye nia mbaya alielewa vizuri sana. Njia ile ya zamani ya kuongea na MySQL iliondolewa PHP 7 ilipotoka Desemba 2015. Kisha PHP 8.0 ya Novemba 2020, kwa wanaoongea na kanzidata kwa njia ya PDO, na 8.1 ya mwaka uliofuata, kwa wanaotumia njia ya mysqli, zikaleta utaratibu bora kama kawaida ya lugha: ulizo likikwama, hitilafu hurushwa kama mpira, na usipoidaka, programu inasimama. Huwezi tena kupita kando yake bila kujua.

Mimi niliidaka. Kisha nikaifukia. Mahali pa kudakia niliandika kwamba ikitokea hitilafu yoyote, irudishwe orodha tupu. Nilitaka kumwepusha karani na maandishi ya kutisha, na nilijiona mwenye huruma nilipouandika mstari ule. Huruma hiyo ikageuza ukimya wa mtandao kuwa hukumu juu ya mtu.

Nilipoufuta mstari ule, hitilafu zikaanza kuingia kwenye daftari la matukio la seva, kila moja na saa yake na namba yake, na ndipo nikaona mkwamo wa aina nyingine ambao haukuhusu mvua. Namba yake ilikuwa 1064, ambayo katika MySQL maana yake ni kwamba sarufi ya amri imevunjika. Ilijirudia kwa watu walewale. Mkoani Katavi wamehamia wakulima na wafugaji wengi wa Kisukuma, na majina yao mengi yana ng' yenye ritifaa: Ng'wandu, kwa mfano. Sasa SQL hufunga maneno kwa alama inayofanana kabisa na ritifaa yetu, mwanzo na mwisho. Programu yangu ilikuwa ikilibandika jina moja kwa moja ndani ya amri. Kanzidata ikifika kwenye Ng' inadhani jina limeishia hapo, na wandu inayobaki inaonekana kuwa amri isiyoeleweka. Wengine walikutana na herufi nyekundu mtandao ulipokatika tu. Mwenye jina hili alikutana nazo kila siku, kiangazi na masika. Hangeonekana kamwe, kwa sababu ya sauti ambayo ni halali katika alfabeti yetu.

Dawa yake inajulikana, nami nilipaswa kuitumia tangu mwanzo: ulizo lililoandaliwa. Unapeleka kwanza amri ikiwa na pengo mahali pa jina, kanzidata inaielewa na kuiweka tayari. Kisha unapeleka jina peke yake, nalo linapokewa kama jina, hata liwe na alama gani. Mafundi huisifu njia hii kwa sababu ya usalama, na ni kweli: mdukuzi anayeandika vipande vya amri mahali pa jina, akitumaini kanzidata itavitekeleza, hupitia tundu lilelile la ritifaa. Lakini ningependa mwalimu wa programu wa Kitanzania aanze na Ng'wandu kabla ya mdukuzi. Mdukuzi huenda asije. Ng'wandu yuko kwenye foleni.

Kuna na kinyume chake, ulizo ambalo halikukwama na bado likamkosa mtu. Majina mengi ya Mishamo ni ya Kirundi, na makarani wa Kiswahili wamezoea kubadilisha r kuwa l. Bigirimana anaandikwa Bigilimana kwenye karatasi moja, na kwenye nyingine anabaki na r zake. Kwa mipangilio yake ya kawaida MySQL haijali herufi kubwa na ndogo, lakini r na l kwake ni herufi mbili. Itapitia jedwali lote kwa uaminifu na kurudi na hamna ya kweli. Hapa kanzidata haina lawama, wala mtandao, na hata hivyo "hayupo" ingekuwa uongo. Kanzidata inaweza kushuhudia jambo moja tu: jina lililoandikwa hivi halimo katika orodha hii. Tuandike hivyohivyo, kisha tumwonyeshe karani majina yanayokaribiana.

Kukwamua nako kuna adabu zake. Ulizo la kusoma, lile linalotafuta jina tu, ukilirudia mara tatu halimdhuru mtu. Ulizo la kuandika ni hatari. Karani anaingiza kilo za mzigo mmoja wa tumbaku, mtandao unakatika, skrini inasema limekwama. Je, lilikwama likienda au likirudi? Ikiwa kilo zilikwisha andikwa na ni jibu tu lililopotea njiani, kurudia kutamhesabia mkulima mzigo mmoja mara mbili, na msimu ukifungwa atadaiwa kilo ambazo hakuzileta. Nilichofanya ni kuipa kila stakabadhi ya mizani namba yake na kuiambia kanzidata isikubali namba moja mara mbili. Sasa karani anarudia bila hofu. Ulizo la pili likigonga namba iliyokwisha kuwamo, MySQL inalikataa kwa hitilafu 1062, na hitilafu hiyo ni habari njema: la kwanza lilifika. Programu inaipokea na kumwambia karani kwamba mzigo umeshaandikwa. Namba 1213 ya kufungiana njia nayo hurudiwa, kwa kuwa MySQL yenyewe hulivunja mojawapo ya maulizo ili lingine lipite, na lililovunjwa linastahili zamu nyingine. Namba 1045 ya kukataliwa nywila na 1146 ya jedwali lisilokuwepo haziponi kwa kurudia. Hizo huniamsha mimi, na karani huambiwa kwamba fundi ameshajulishwa.

Nilikaa muda mrefu kuliko nilivyotarajia juu ya maneno ya skrini. Niliyaandika, nikamsomea karani, nikayafuta, nikaandika tena. Mtandao ukiwa haupo sasa yanasomeka hivi, kwa herufi nyeusi: Ulizo limekwama. Jina hili bado halijatafutwa. Jaribu tena baada ya dakika chache.

Nilikuwa ofisini siku yalipotumika mara ya kwanza. Mzee mmoja alikuwa ametaja namba yake, na nje mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye miti. Karani akasoma kimya, kisha akasema, "Bado hujatafutwa, mzee. Njia imekwama." Mzee akaitikia, akavuta benchi karibu na mlango, akakaa na kofia yake magotini. Mvua ilipopungua, karani akaingiza namba ileile tena.